Miezi Mitano Tausi Hakula

Tangu nilipowakabidhi funguo za nyumba ya nyoka mmenipigia simu mara nne, na mara zote nne swali ni lile lile: nyoka hali, tufanye nini? Simu haitoshi. Nikijibu kwa simu nitawatajia mambo matatu, mtayafanya hayo matatu, na la nne ndilo litakalowaumiza. Kwa hiyo nimeketi hapa nyumbani Nangara, kwenye meza ninayochambulia maharage, nawaandikia. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Kwenye kazi yetu vyeo vilikuwa viwili tu: anayefungua mlango, na anayesimama nyuma yake.

Nilianza nikiwa na mtoto mmoja, Neema, aliyekuwa bado ananyonya. Nilikwenda Bonga kuomba kazi ya kufagia, na sikujua kwamba vile vibanda vya matofali kando ya barabara ya Dodoma vilikuwa na nyoka ndani, maana bango lilikuwa limeanguka. Aliyenipokea ni Mzee Boay, mtu wa milima ya Mbulu kama mimi, mfupi, mwenye koti la mvua alilolivaa hata kiangazi.

"Unaogopa nyoka?" akaniuliza.

Nikamwambia naogopa sana.

"Vizuri. Aliyekuja jana alisema haogopi. Nimemrudisha kwao."

Siku hiyo ya kwanza hakunionyesha nyoka hata mmoja. Alinionyesha milango. Kila kibanda kilikuwa na mlango wa nje, kachumba kadogo katikati, halafu mlango wa ndani, na wa ndani haufunguliwi mpaka wa nje uwe umefungwa na kuvutwa kwa mkono kuhakikisha. Tuliingia na kutoka asubuhi nzima, mimi na yeye, kwenye kibanda kitupu, mpaka mkono wangu ukazoea. "Nyoka hana hila," aliniambia. "Ana muda tu. Wewe una watoto, una shamba, una msiba kwa jirani. Yeye kutwa nzima kazi yake ni kutafuta mahali pa kupitisha kichwa."

Mwaka wangu wa pili nilimuua nyoka. Alikuwa nyoka mdogo wa kahawia, asiye na sumu, wa wale wanaoingia stoo kufuata panya. Alikuwa amekataa kula wiki mbili, nami nikaona nimsaidie: nikamwachia panya hai ndani ya sanduku lake, nikaenda kwenye kazi nyingine. Niliporudi panya alikuwa mzima na nyoka alikuwa ametafunwa mgongo mpaka mfupa unaonekana. Nyoka asiye na njaa hajitetei kwa panya. Mzee Boay hakunigombeza. Alinipa jembe nikachimba, akasimama pale mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Umemlisha wasiwasi wako." Tangu siku hiyo sijampa nyoka yeyote chakula kilicho hai na kumwacha peke yake, na nyinyi msifanye hivyo, hata kama mgeni kutoka Arusha anataka kupiga picha.

Mzee Boay alirudi kwao Mbulu miguu ilipoanza kuvimba, nikabaki mimi na Paulo. Paulo mlimkuta akiwa mzee; wakati huo alikuwa mtu wa miaka hamsini, mlinzi wa mchana na mkata nyasi, mwenye nguvu za kubeba gunia la mahindi kila bega. Mwenye mali alikuwa Bwana Shabani, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini, aliyekuwa na vibali vyote na aliyependa sana nyoka akiwa upande wa pili wa kioo.

Ndipo akaja Tausi.

Aliletwa na dereva wa lori mstaafu aliyemfuga nyumbani tangu akiwa na urefu wa mkono. Alikuwa chatu jike, na alipofika kwetu alizidi mita tatu na nusu. Mke wa dereva alikuwa amempa mumewe achague, naye alimchagua mke, ingawa kwa jinsi alivyolia pale getini nilikuwa na mashaka kidogo. "Ni mpole," aliniambia. "Analala chini ya kitanda changu." Nikamwambia kwetu hatalala chini ya kitanda cha mtu. Chatu wa ukubwa ule haguswi na mtu mmoja. Watu wawili, kila mara, na mikono iwe imeoshwa kwa sabuni, kwa maana mkono unaonuka sungura, kwa nyoka, ni sungura.

Mwaka wa kwanza alikula vizuri. Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, nilimpelekea sungura aliyekwisha kufa, akamnusa kwa ulimi, akageuza kichwa. Sikujali. Wiki tatu baadaye akakataa tena, na hapo nikafungua daftari langu nikaanza kuandika kila siku.

Nawaandikia nilivyofanya kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ulikuwa sahihi, na bado nilikosea.

Kwanza nilimwangalia macho. Nyoka anayejiandaa kujivua gamba macho yake huwa kama yamepakwa maziwa, na haoni vizuri, na hali. Macho ya Tausi yalikuwa meusi na safi. Nikamtafuta utitiri, wale wadudu wadogo kama vumbi jeusi wanaojificha chini ya magamba ya kidevu na kuzama kwenye bakuli la maji. Hawakuwepo. Nikambadilishia chakula, kuku badala ya sungura, kisha sungura mdogo zaidi. Nikamwongezea maficho, sanduku la mbao lenye tundu moja, kwa sababu nyoka asiye na pa kujificha anajiona yuko sokoni. Nikaning'iniza turubai mbele ya kioo nikazuia wageni. Hili la mwisho lilimleta Bwana Shabani.

"Mama Neema, shule mbili zinakuja mwezi huu. Watoto wanakuja kuona chatu, wewe unawaonyesha turubai?"

"Hajala miezi mitatu, Bwana Shabani."

"Si kuna namna ya kumlisha kwa nguvu? Mnamfungua mdomo, mnasukuma."

"Tukimsukumia, atatapika, na akitapika tutampoteza. Nyoka mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Cha kuangalia ni uzito."

"Na uzito unasemaje?"

Tulikuwa tunampima kila Jumatatu, mimi na Paulo, ndani ya gunia, kwa mizani ya kuning'iniza ya kupimia mahindi. Wiki za mwanzo hakupungua. Wiki zilizofuata alianza kupungua, kidogo kidogo, na uti wa mgongo ukaanza kuonekana kama paa la nyumba.

Nilimwita daktari wa mifugo. Mtu mwema, lakini maisha yake yote ameishi na ng'ombe. "Ng'ombe nikimkosea ananipiga teke, yanaisha," aliniambia, akiwa amesimama karibu sana na mlango. "Huyu je?" Lakini aliingia. Alimwangalia kinywa tukiwa tumemshika, akasema ufizi ni safi, hakuna usaha, kifua hakikoromi. Alichokiona ni kidonda kwenye pua, ngozi imechubuka. Akanipa dawa ya kupaka.

Nikapaka. Kila asubuhi, wiki tatu, nilipaka dawa ile pua, na kila asubuhi kidonda kilikuwa kibichi. Nilisimama mbele ya kidonda kile nikauliza kinaponaje. Sikuuliza kimetoka wapi.

Mwezi wa sita ukaingia na upepo wake. Mnajua Babati ilivyo wakati huo. Watu wanakwenda sokoni wamejifunika blanketi. Nilikuwa naamka na jina la Tausi mdomoni. Mume wangu aliniambia hata watoto wetu walipougua surua sikuwa hivi. Nilikuwa nikifika kazini naenda moja kwa moja kwenye kipimajoto kilichoning'inia ukutani kando ya mlango, nasoma nyuzi ishirini na nane, naandika, nashukuru Mungu kwamba angalau joto lipo.

Asubuhi moja, saa moja, nilifika nikasoma nyuzi ishirini na nane. Nikatazama ndani kupitia kioo cha mlango. Nikatazama sanduku la maficho, bakuli la maji, gogo lake. Nikamwita Paulo aje asimame nyuma yangu, tukaingia, nikainua sanduku kwa fimbo ya ndoano.

Hakuwepo.

Kwenye pembe ya nyuma, chini, kulikuwa na dirisha dogo la hewa lenye wavu wa waya. Fremu yake ya mbao ilikuwa imesukumwa nje, imelala kwenye nyasi. Skrubu zote zilikuwa bado kwenye fremu. Mbao ndiyo ilikuwa imeoza kwa maji ya kuoshea sakafu, maji niliyoyamwaga mimi mwenyewe kwa mpira kila siku, na skrubu zilikuwa zimeshikilia unga. Kwenye wavu kulikuwa na alama kavu ya damu. Miezi ile yote Tausi alikuwa akisukuma pale kwa pua, na mimi nikipaka dawa.

Nilimpigia Bwana Shabani. Akasema kwa sauti ya chini, kama vile chatu angemsikia: "Usimwambie mtu. Watakuja na petroli, watachoma kila kitu. Mtafuteni kimya kimya, hawezi kuwa mbali."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Niliogopa petroli, niliogopa kibarua changu, na zaidi niliogopa kuonekana na majirani nikiwa mtu aliyeacha chatu atoke. Tulimtafuta kimya kimya, mimi na Paulo, kwenye nyasi, kwenye mtaro wa barabara, nyuma ya banda la mbuzi la jirani, tukijifanya tunatafuta mpira wa maji uliopotea. Umande ulikuwa umelowesha sketi yangu mpaka magotini. Tulitafuta hivyo kwa saa nzima.

Kilichonisimamisha ni mbuzi. Niliwahesabu mbuzi wa jirani, wote sita walikuwepo, nikasema moyoni, afadhali, hajachukua mbuzi. Halafu nikasikia nilichokuwa nakisema. Nilikuwa nahesabu mbuzi, na nyumba zile zote zina watoto.

"Paulo," nikasema, "mimi nakwenda bombani."

"Bwana Shabani amesema..."

"Najua alichosema. Leta gunia kubwa na ndoano, unifuate."

Bombani kulikuwa na wanawake kama kumi na watano kwenye foleni. Wengi nilikuwa nawafahamu. Walianza kunisalimia, shikamoo Mama Neema, nami sikuitikia. Nilisema, "Chatu wetu ametoka. Yule mkubwa. Ametoka tangu jana jioni au alfajiri, hatujui. Kila mwenye mtoto nyumbani aende sasa hivi akamwangalie. Msimguse nyoka, mniite."

Ndoo moja ilianguka. Aliyeidondosha alikuwa Mama Agnesi, mwanamke kijana aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka vibanda vyetu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Agnesi nimemlaza jikoni. Ana mafua. Nimemlaza jikoni kwa ajili ya joto."

Tulikimbia. Alikuwa na miaka kama ishirini na mitano, nami nilikuwa nimeshapita arobaini, lakini tulifika pamoja, sijui kwa miguu ya nani. Jiko lilikuwa la miti na udongo, mlango wa mabati umeachwa wazi kidogo ili moshi utoke. Nilimshika mkono kwa nguvu kabla hajaingia. Alitaka kuniuma.

"Ukiingia kwa kukimbia atashtuka," nilimwambia. "Nipe pumzi mbili tu."

Ndani kulikuwa na giza la moshi. Macho yalipozoea nilimwona mtoto kwanza, miaka miwili, amelala kifudifudi kwenye godoro dogo, kanga mpaka mabegani. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Kisha nikaziona kuni, halafu nikaona kwamba kati ya kuni na mafiga kuna kitu ambacho si kuni. Tausi alikuwa amejikunja kuzunguka figa moja, kidevu kimelazwa kwenye majivu ya moto uliozimika. Kutoka kichwa chake hadi mguu wa mtoto hapakufika hatua mbili. Ulimi ulikuwa unatoka na kurudi, unatoka na kurudi, upande wa godoro.

Nilipita ukutani mpaka nikasimama katikati yao. Nikamwambia Mama Agnesi bila kugeuka, "Sasa ingia. Taratibu. Mchukue." Nilisikia kanga ikiburuzwa, nikasikia mtoto akikohoa na kuanza kulia, na kilio kikatoka nje, kikaenda mbali. Nilisimama pale pale mpaka Paulo alipoingia na gunia. Mimi nilishika nyuma ya kichwa, yeye akashika mwili. Hakupigana sana. Tumbo lake lilikuwa na joto la majivu.

Nje walikuwa wamefika wanaume na mapanga, na mzee mmoja akasema, "Muueni hapo hapo." Mama Agnesi alikuwa ameketi chini uani, mtoto kifuani. Alisema, "Mtoeni tu. Mtoeni nyumbani kwangu." Kwa kuwa nyumba ilikuwa yake, wakatupisha.

Tulipomrudisha, tukaziba dirisha lile kwa matofali, nikapiga magoti kibandani nipime sakafu kwa kiganja. Ilikuwa baridi. Nikachukua kipimajoto kutoka ukutani nikakilaza pale alipokuwa akilala kila siku, nikasubiri. Kilishuka, kikashuka, kikasimama kwenye nyuzi kumi na tisa. Hita ya chini ya sakafu ilikuwa imekufa miezi mingi. Maji yangu yale yale yalikuwa yameingia kwenye waya. Balbu ya juu ilikuwa inapasha hewa ya juu, na kipimajoto kilikuwa kimening'inia usawa wa macho yangu. Miezi mitano niliandika joto la uso wangu. Yeye alikuwa chini.

Nyoka hana moto wake mwenyewe. Bila joto la nje tumbo lake halisagi, na mwili unajua hilo, kwa hiyo unakataa chakula kabla hakijaozea ndani. Tausi hakuwa mgonjwa wala mkaidi. Alikuwa na baridi, na alikuwa akitafuta njia ya kuikimbia baridi hiyo.

Basi pimeni pale anapolala, si pale mnaposimama. Upande wa joto uwe na nyuzi thelathini hadi thelathini na tatu, upande wa pili ishirini na tano hivi, ili achague mwenyewe. Balbu iwe ndani ya kizimba cha waya, maana chatu atajizungusha hapo mpaka aungue. Sakafu futeni kwa kitambaa, na waya wa umeme uwe mbali na maji. Fremu ziwe za chuma. Na mkiona pua imechubuka, acheni dawa kwanza, tafuteni anasukuma wapi.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano siku ya tatu. Nyumba ya nyoka ilifungwa hadi vibanda vikaguliwe. Mtu mmoja aliuliza tuligundua saa ngapi na tulitoa taarifa saa ngapi. Bwana Shabani alikuwa ameketi mbele, akainamisha kichwa. Nilisimama nikasema: tuligundua saa moja, nikaja bombani saa mbili. Bwana Shabani akasimama naye, akasema saa ile niliipoteza kwa amri yake. Nilimheshimu kwa hilo, lakini halikunipunguzia kitu. Miguu iliyokuwa ikizunguka nyasini ilikuwa yangu.

Siku ya tisa, hita mpya ikiwa inafanya kazi, nilimwekea Tausi sungura kwa koleo ndefu. Alimdaka kabla sijakaa sawa. Nilifunga milango yote miwili, nikavuta kuhakikisha, nikaenda kukaa nyuma ya stoo ambako Paulo asingeniona.

Habari ilisambaa. Siku mbili baadaye Mama Agnesi alikuja kwenye uzio, mtoto akiwa mgongoni.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, Mama Agnesi. Mtoto anaendeleaje?"

"Mafua yameisha." Akashika uzio. "Nasikia amekula."

"Amekula."

"Paulo ananiambia nisihangaike na mawazo. Anasema siku ile nyoka alikuwa amegoma kula, miezi mitano, asingemgusa mtoto. Nimekuja unithibitishie wewe."

Hakuna kitu nilichotamani zaidi ya kusema ndiyo. Lilikuwa neno fupi, na angeondoka nalo akiwa mwepesi.

"Alikuwa amegoma kwa sababu ya baridi," nilimwambia. "Jikoni kwako alikuta joto."

Alinitazama. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui, Mama Agnesi. Na ningekuja bombani saa moja ile ile, usingekuwa na swali la kuniuliza."

Nilidhani ataondoka, au atanitukana, na vyote viwili ningevipokea. Akauliza lile dirisha liko wapi. Nikamwambia dirisha la zamani tumelijenga kwa matofali, jipya liko juu na fremu yake ni ya chuma. Akasema anataka kuliona.

Nilimfungulia geti, tukazunguka nyuma. Nikamletea kistuli. Alipanda na mtoto wake mgongoni, akaanza kugusa skrubu kwa kidole, akijaribu kuizungusha kila moja, kisha anahamia inayofuata. Nilishika kistuli kisiyumbe, nikasubiri amalize.